Chini ya Thelathini na Mbili

Karatasi iliyofungwa na vyuma ilisema:
kabla ya moto wa pili, kipoe
mpaka chini ya thelathini na mbili.
Aliyeiandika hakuwahi kukaa Gofu
mwezi wa pili, saa nane mchana,
bati likialika juu ya utosi
na kipimajoto cha ukutani, kimya kimya,
kikisoma thelathini na nne.

Sisi tulikigusa kwa kiganja tu.
"Kimepoa," alisema Kivugo.
Nami nikaitikia, kimepoa,
maana kwa mkono uliotoka kushika koleo
kila kitu duniani kimepoa.
Tukakirudisha tanuruni.

Shafti ya pampu, ya kiwanda cha mkonge,
huko ambako maji ya majani yaliyopondwa
huchacha, yakala chuma cha kawaida kama mchwa.
Ndiyo maana wakaleta hiki, cha pua, cha bei.
Kivugo alikifua siku mbili,
nyundo ikimrudisha mabega nyuma.

Mashine ya ugumu ikasema: thelathini na moja.
Tuliahidi thelathini na nane.
Nikalaumu umeme. Nikalaumu waya wa tanuru.
Kivugo akaitazama mikono yake,
akaiweka mfukoni.
Bwana Semhando akapiga simu kutoka shambani:
"Moto wenu mbichi, au ninyi?"

Usiku, Majani Mapana, feni ikisukuma joto
kutoka kona hii kwenda kona ile,
niliisoma ile karatasi kwa tochi ya simu.
*Chini ya.*
Maneno mawili nimeyaruka maisha yangu yote.
Kumbe chuma hiki hakigeuki kikiungua.
Moto humfungulia mlango tu.
Hugeuka kikipoa, hatua kwa hatua,
na sisi tulikikatiza njiani,
sehemu imefika, sehemu bado iko safarini,
tukakitaka kiwe kimoja.

Tukaanza upya.
Elfu moja na arobaini, saa nzima,
mpaka shaba iliyomo ndani ikasahau kuwa ni shaba.
Tukakitoa. Kikang'aa, kikafifia, kikawa kijivu.
Thelathini na sita. Thelathini na tano.
Hapo kikagoma, sawa na sisi wote.

Barafu tupu walikwisha kuibeba wauza samaki.
Nikamtuma Kivugo Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kwa Bi Mwanakombo wa watoto wa shule:
vifuko sitini, vya ukwaju, vya ubuyu,
vyote ndani ya pipa la maji,
na chuma cha mamilioni katikati, kama mgonjwa wa homa.
Thelathini.
Ishirini na sita.
Kumi na tisa.
Nilitega sikio. Sijui nilitaka kusikia nini.
Hakikulia, hakikutikisika.
Karakana nzima ilinukia kengele ya saa nne.

Semhando alitaka moto wa mia nne themanini:
"Kiwe kigumu kupita vyote!"
Nikamwambia, pampu yako inameza mawe.
Kigumu kupita vyote kitakatika kama sahani.
Nikaweka mia tano hamsini na mbili, saa nne,
nikakaa mbele ya mlango wa tanuru na kanga shingoni.
Humo ndani shaba ilikuwa inakumbuka,
inajikusanya punje punje,
ndogo hata kuita punje ni kuzidisha,
kila moja ikisimama njiani: hapa hupiti.

Kilitoka na rangi ya chai kavu,
kimepungua chini ya nusu ya unywele.
Thelathini na nane.
Tukapima tena upande wa pili.
Thelathini na nane na kitu.

Daftari letu lina safu ya moto wa kwanza,
safu ya moto wa pili, safu ya saini.
Nikashika rula, nikachora safu nyingine,
nikaandika juu yake: *kilipoa hadi wapi*,
na chini yake: kumi na tisa.
Kivugo akainama kusoma, ulimi mwekundu wa ubuyu,
akauliza, na hela ya barafu
tunaiandika safu gani?